Nyundo za mashine ya kusaga: muuzaji anasema ugumu ni 60, nitahakikishaje?

MsagajiKilosa
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya chuma. Nina mashine ya kusaga na kukoboa huku Kilosa, shida yangu ni nyundo za kinu (vile vibapa vya chuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi) zinaisha haraka mno. Seti iliyokuja na mashine ilidumu vizuri tu, lakini hizi nilizonunua mwaka huu hata msimu haujachanganya pembe zishakuwa duara, unga unatoka mzito, luku inakimbia na wateja wanaanza kwenda kwa jirani. Nikarudi dukani, muuzaji akasema hicho ni chuma kigumu "ugumu wake 60", na akanionyesha karatasi, kweli imeandikwa 60 na hakuna kingine. Fundi wangu anasema ni flatibaa ya kawaida (chuma bapa laini cha dukani) imepakwa rangi nyeusi.

Mtu mwingine akaniletea zilizotengenezwa kwa springi za gari. Hizo haziishi, ila moja ilikatika kwenye tundu mashine ikiwa inazunguka ikatoboa chekeche, namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amesimama pale.

Sasa naomba kujua, hiyo 60 ni 60 ya nini? Na kuna namna ya kupima ugumu mwenyewe hapa hapa kabla sijatoa hela au lazima niende maabara?

fundi_kereza
Pole sana mkuu, na hiyo ya chekeche kutoboka usiichukulie poa. Rota (ule mhimili unaobeba nyundo) ya sentimita 50 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, ncha ya nyundo inakwenda karibu mita 78 kwa sekunde, piga hesabu ni kilomita 280 kwa saa. Kipande kikichomoka hapo kinaua mtu.

Tuje kwenye 60. Namba ya ugumu bila jina la skeli haina maana yoyote, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Ugumu tunaoupima kwenye vyuma ni vile chuma kinavyokataa kubonyea: unachukua kitu kigumu kuliko hicho chuma, unakikandamiza kwa mzigo unaoujua, unatoa, halafu unaangalia kimeacha shimo la kiasi gani. Shida ni kwamba kila aliyebuni kipimo alikuja na kibonyezi chake na mzigo wake. Brinell, Mswidi, alionyesha cha kwake mwaka 1900, gololi ya milimita 10 inakandamizwa kwa kilo 3000 halafu unapima upana wa shimo kwa lenzi. Kule Connecticut, Marekani, akina Rockwell wawili, Hugh na Stanley, wakaomba hataza mwaka 1914 ya mashine inayopima kina cha shimo badala ya upana, unasoma namba moja kwa moja kwenye saa ya mashine, ndio maana viwandani ikashika kasi. Miaka ya ishirini mwanzoni, Smith na Sandland wa kampuni ya Vickers Uingereza wakaleta piramidi ya almasi, nzuri sana kwa vitu vyembamba na vidogo.

Na hiyo Rockwell yenyewe ina herufi. C ni koni ya almasi na mzigo wa kilo 150, hiyo ni ya chuma kilichokomazwa kwa moto. B ni gololi ndogo na kilo 100, ya chuma laini na shaba. A ni almasi ile ile lakini kilo 60.

Kwa hiyo 60 ya Rockwell C ni ugumu unaokaribia wa tupa. 60 ya Rockwell A ni sawa na C 20 hivi, chuma cha kawaida tu. 60 ya Rockwell B ni kama Brinell 107, hiyo ni laini hata kuliko flatibaa unayonunua mtaani, maana chuma laini cha kawaida kinacheza Brinell 120 hadi 130. Na 60 ya Shore A, skeli ya kupimia mpira, ni mpira kama wa tairi. Hizo zote zinaweza kuandikwa 60 kwenye karatasi na hakuna aliyedanganya. Muulize muuzaji C au B. Asipojua basi hajapima, kanakili tu mahali.

mhunzi_kamukunji
Habari boss, mimi ni wa Nairobi jua kali, nyundo za posho mill tunatengeneza sana huku. Kwa haraka tumia tupa. Tupa mpya nzuri iko kwa C 62 mpaka 65, so inakupa mstari mmoja wa kulinganisha. Shika nyundo kwa vaisi, tupa isiwe na mafuta, sukuma taratibu pembeni. Ikila bila shida na vumbi la chuma linamwagika, hicho ni laini, haijafika hata 40. Ikila lakini mpaka ukaze mkono, uko kwa 50 hivi. Ikiteleza kama iko juu ya glasi na inaacha tu alama ya kung'aa, uko karibu na ugumu wa tupa yenyewe. Kuna hata seti za tupa zinauzwa kwa kazi hii, kila moja na ugumu wake, inaanza 40 inapanda tano tano mpaka 65, unajaribu moja moja mpaka upate yenye inakwaruza.

Lakini usipime juu ya ngozi! Hapa ndio vijana wengi wanakosea. Chuma ikikaa kwa moto muda mrefu bila kufunikwa, ule ukaa (kaboni) wa juu unaungua unatoka, inabaki na ngozi laini nyembamba na ndani ni ngumu. Ukipima juu tupa inakula unasema hii ni takataka, kumbe ndani iko sawa. Toa nusu milimita hivi kwa grainda ndio upime, na umwagie maji ukisaga, kwa sababu ukiona hiyo sehemu imegeuka bluu ujue imepita nyuzi 300, umeshailainisha wewe mwenyewe.

Hiyo ya springi ilikatika kwa tundu sishangai hata kidogo. Springi ni chuma mzuri sana, kama ile ya SUP9 ya magari ya Japani, na ikiwa kwa gari iko C arobaini na kitu, haina haja ya kuguswa. Shida ni vile fundi anatoboa na gesi ama anachomelea. Pale moto umepita chuma inakuwa nyekundu, ikipoa haraka inakuwa ngumu kama chupa kando ya tundu, halafu hapo ndipo nyundo inaning'inia. Tena springi kuukuu inaweza kuwa na ufa mdogo tayari kwa sababu imebonyezwa mamilioni ya mara barabarani. Sisi tunakata na disc baridi, tundu na drill ya kabaidi mwendo wa chini. Ama tunalainisha chuma yote kwanza, tunakata, tunatoboa, ndio tunakomaza upya: moto mpaka sumaku iache kushika, hiyo ni kama nyuzi 770, unaongeza kidogo, unazamisha kwa oili, halafu unarudisha moto wa chini ili isikatike kama chupa. Ile ncha inasaga tunairudishia moto kidogo, upande wa tundu tunarudisha moto zaidi, mpaka ile rangi ya bluu juu ya chuma ipite kabisa. Ncha inabaki ngumu, tundu inabaki na uwezo wa kuvumilia.

MsagajiKilosa
Asanteni sana wakuu, nimejaribu tupa. Hizi za dukani ajabu tupa iliteleza kabisa! Ina maana muuzaji ni mkweli? Mbona sasa zimeisha?

Mwl_Mitambo
Ndugu usimsafishe muuzaji bado. Umepima juu tu. Mwenzetu wa Kamukunji ameeleza ngozi laini juu ya chuma kigumu, na kinyume chake kipo na ndicho kinachouzwa sana: ngozi ngumu juu ya chuma laini. Unachukua flatibaa, unaipanga kwenye sanduku lenye unga wa mkaa, unafunga kwa udongo, unaiweka kwenye moto wa nyuzi 900 na kidogo kwa masaa, ukaa unaingia kwenye chuma taratibu, halafu unaizamisha. Juu panafika C 60 bila shida lakini kina chake ni nusu milimita au moja. Kwa gia au pini hiyo ni kazi nzuri kabisa na inafanywa makusudi. Kwa nyundo ya kinu ambayo inaliwa milimita kwa milimita, ile ngozi ikiisha umebaki na flatibaa.

Fanya hivi. Chukua nyundo moja iliyochakaa, ikate katikati kwa disc huku unamwagia maji, laini sehemu iliyokatwa kwa msasa, halafu pitisha tupa kwenye uso wa mkato kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ikiteleza ukingoni na kula katikati, jibu umelipata bila kulipa shilingi.

Kama unataka namba kabisa, kuna njia ya zamani ya kulinganisha, mafundi wa Ulaya walikuwa na kifaa kinaitwa nyundo ya Poldi, kimetokana na kiwanda cha chuma cha Kladno kule Bohemia. Wazo lake ni rahisi: gololi moja inabanwa kati ya chuma unachokijua na chuma usichokijua, nguvu ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya mashimo ni tofauti ya ugumu tu. Ukiwa na presi ya jeki ya tani 10 unaweza kufanya mwenyewe. Gololi ya beringi ya milimita 10, chini weka kipande cha flatibaa laini, juu weka kipande cha nyundo, vyote viwe vimelainishwa na msasa, kandamiza, subiri sekunde 15, achia. Pima upana wa kila shimo kwa vernia na lenzi. Tuseme flatibaa ina shimo la milimita 3 na nyundo ina shimo la milimita 2. Unalinganisha eneo la mashimo, siyo upana: tatu mara tatu ni tisa, mbili mara mbili ni nne, tisa gawa kwa nne ni 2.25. Flatibaa ukiikadiria Brinell 130, nyundo yako ni kama 290. Ni makadirio, lakini yanatosha kabisa kumkatalia muuzaji anayekuambia 60, maana C 60 ni zaidi ya Brinell 600.

Mambo mawili ya kuangalia. Ikipita Brinell 450 hivi gololi yenyewe inaanza kubonyea na hesabu inaharibika, hapo rudi kwenye tupa au nenda maabara. Na usiipige gololi kwa nyundo ya mkono, gololi ni ngumu na ikipasuka vipande vinaruka machoni. Presi tu, na miwani.

DadaUnga
Jamani mimi nauliza jambo ambalo naona mmelipita. Hizo nyundo zikiisha, ile chuma imeenda wapi? Si kwenye unga tunaowapa watoto uji? Mimi nasaga na kufungasha lishe, nimeweka sumaku kwenye mdomo wa kutokea unga na kila jioni nikiifuta natoa vumbi jeusi. Kwangu mimi ugumu wa nyundo siyo suala la gharama peke yake.

fundi_kereza
Dada umesema kweli kabisa na nimefurahi umeleta hilo. Sumaku kila mwenye kinu aweke na aifute, na awe anaangalia vumbi linaongezeka au la, maana likiongezeka ghafla ujue kuna kitu kinaliwa humo ndani.

Naongezea jambo ambalo wasagaji wengi hawaliangalii. Mahindi yenyewe siyo adui wa nyundo, adui ni mchanga. Mchanga ni kwatzi, kwenye skeli ile ya kukwaruzana ya Mohs, ya mwaka 1812, ambayo talki ni 1 na almasi ni 10, kwatzi ni 7. Ukiupima kwa Vickers unapita 1000. Chuma cha C 60 ni kama Vickers 700, na springi ya C 45 ni kama 450. Maana yake hakuna nyundo ya chuma cha kawaida utakayoinunua ambayo ni ngumu kuliko mchanga ulio kwenye mahindi yaliyoanikwa chini. Ukipepeta na kuchekecha kabla ya kusaga, nyundo ile ile inakaa muda mrefu zaidi bila kubadilisha chochote. Mahindi ya kuanika kwenye turubai na ya kuanika kwenye vumbi yanaonekana kabisa tofauti yake kwenye pembe za nyundo.

Kokoto_Boy
Mnahangaika bure wadau, tafuteni chuma cha manganizi kile cha kwenye krasha za kokoto. Sisi huku machimboni taya za krasha ni hicho hicho, zinavunja mawe mwaka hadi mwaka, mahindi si itakuwa mchezo tu.

Mwl_Mitambo
Ndugu hapana, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Chuma hicho alikibuni Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, kina manganizi asilimia 12 hivi. Kikiwa kipya ni laini, Brinell 200 tu, tupa inakila vizuri. Ugumu wake unakuja kikipigwa: jiwe linapobamizwa na taya za krasha, ngozi ya juu inajikaza inafika Brinell 500 na zaidi, na ikiliwa ile ya chini yake nayo inajikaza. Ndio maana kinafaa kwenye krasha na kwenye njia panda za reli. Punje ya hindi haina uzito wa kukikaza namna hiyo. Kinabaki na 200 yake, na mchanga unakiparua kama chuma laini kingine.

Halafu kuna lile la dada. Manganizi hiyo haishikwi na sumaku. Vumbi lake litapita kwenye sumaku ya DadaUnga mpaka kwenye mfuko na hataliona. Kwa chakula mimi sikishauri kabisa.

MsagajiKilosa
Wakuu nimerudi. Nimekata nyundo kama Mwl alivyosema, tupa inateleza pembeni kabisa, ukiingia ndani kidogo tu inakula kama siagi. Nikaamua nipeleke kipande kwenye chuo kimoja cha ufundi, wana mashine ya Rockwell ya kufundishia, wakanipimia. Juu ilisoma C 57, 58, 55. Wakasaga kama milimita moja wakapima tena, mashine ikawa inasoma chini ya 20 kwa C, yule mwalimu akasema chini ya hapo C haitumiki inabidi kubadili kwenda B, akaweka gololi ikasoma B 74. Kwa hiyo fundi wangu alikuwa sahihi, ni flatibaa yenye koti.

Swali, mbona zile tatu za juu zimepishana 55 hadi 58, mashine yao mbovu?

fundi_kereza
Siyo lazima. Kwenye Rockwell namba moja ni milimita 0.002 tu za kina, kwa hiyo kutu kidogo, rangi, au kipande kutokaa vizuri kwenye meza vinatosha kukupotezea namba mbili tatu. Ndio maana wanapima sehemu kadhaa na mashimo yasikaribiane, ukipima karibu na shimo la kwanza chuma pale kimeshajikaza na namba inadanganya. Na ngozi nyembamba hivyo huenda kibonyezi kinahisi ule ulaini wa chini. Maabara wanaopima ngozi za namna hii wanatumia Vickers ya mzigo mdogo, wanakata na kupima kutoka ukingoni kwenda ndani hatua kwa hatua, unaona kabisa ngumu inaishia wapi.

Kuna vile vipimo vya mkononi pia vya kurusha kidude kikagonga chuma na kurudi, Leeb, vilianza miaka ya sabini. Vizuri kwa shafti kubwa na vitu visivyobebeka, lakini nyundo ya kinu ni nyepesi mno, inatikisika ikigongwa na namba inatoka ya chini. Mtu akija kukupimia nyundo kwa kile kifaa akiwa ameishika mkononi usimlipe.

MsagajiKilosa
Nimeelewa. Sasa nataka kuagiza mpya kwa fundi wa mjini, nimwambieje ili asinichanganye?

mhunzi_kamukunji
Mwandikie kwa karatasi. Chuma ya springi, tundu zitobolewe kabla ya kukomazwa, isichomelewe mahali popote. Ncha Rockwell C 48 mpaka 52, na upande wa tundu isizidi 40. Mwambie utakata moja katikati upime, na katikati lazima isome karibu sawa na juu, ikikosa seti yote inarudi. Agiza moja ya ziada ya kukata ndio usiharibu seti.

Zikifika zipime kwa mizani zenye zinakaa mkabala kwa rota, zisipishane uzito, la sivyo mashine itatetemeka na beringi zitakufa mapema kuliko nyundo. Na kama ziko na tundu pande zote mbili uko na pembe nne za kutumia, ukigeuza moja geuza na yenye iko mkabala nayo siku hiyo hiyo.